Mkono wa Masolwa

Twalibu bin Shomari wa mtaa wa Gongoni, Tabora, alikuwa na tabia ya kunusa chai kabla ya kuinywa, hata ikiwa imepikwa na mkewe. Sikuzani alishamwambia tangu walipooana kwamba siku akitaka kumpa sumu atamtilia kwenye mchuzi, maana hakuna mtu anayenusa mchuzi. Twalibu akaanza kunusa na mchuzi. Ndivyo alivyokuwa, wala hakuona aibu. Alisema mtu aliyezaliwa Tabora amezaliwa njiani, na njiani hupita watu wa kila namna: Mwarabu na bunduki yake, Mjerumani na kiboko chake, Mwingereza na karatasi zake, na wote walipofika waliomba kwanza maji ya kunywa.

Kazi yake ilikuwa mapaa ya udongo. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nyumba nyingi za zamani za mjini zilikuwa bado matembe: kuta nene za udongo, vyumba vimepangana ubavu kwa ubavu kuuzunguka ua, na juu paa bapa la boriti, fito, majani, na udongo wa kichuguu uliopigiliwa mpaka ukakaza. Kwa nje utaona ukuta mrefu na mlango mmoja, basi. Yaliyomo ndani ni ya wenyewe. Kila mwaka kabla ya mvua Twalibu alipanda juu ya mapaa ya watu akaziba nyufa, huku kibarua wake, Masolwa, Msukuma wa Choma mwenye urefu wa kugonga kila kizingiti cha juu cha mlango, akimchanganyia udongo chini na kumrushia. Kisha yakaja mabati. Kila nyumba iliyoezekwa bati ilimwondolea Twalibu mteja, naye akalichukia bati kama mke mkubwa anavyomchukia mke mdogo.

Nyumba aliyoishi aliijenga babu yake, Ngollo, ambaye alifika na msafara kutoka Ujiji akiwa na pembe ya ndovu begani, akaitua Tabora, na hakubeba nyingine tena. Alijifunza ujenzi kwa mafundi wa Waarabu, akasilimu, akajenga. Alikuwa mtu mfupi na mnene, mikono mifupi, na mtaa mzima ulimwita Kigoda. Twalibu alirithi nyumba, kazi na kimo.

Sasa, tembe haipimwi kwa futi. Hupimwa kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na dhiraa yenyewe ni ya mwenye nyumba, si ya fundi. Mwenye nyumba hunyoosha mkono, fundi akakata ufito wa urefu ule, na ufito huo ndio unaotoa amri juu ya mlango, chumba na boriti. Chumba ni dhiraa sita. Ikiwa mwenyewe ni mrefu, chumba kinatanuka, na hapo fundi anayejua kazi yake husimamisha nguzo katikati ili boriti zisipinde. Nyumba ikiisha, ufito unavunjwa na kuchomwa, kwa sababu hakuna mwenye akili anayeacha kipimo cha mwili wake kizagae ovyo. Na mtu hupimwa mara moja tu katika maisha yake. Akipimwa mara ya pili, ni kwa ajili ya nyumba ile nyingine isiyo na dirisha. Twalibu alikwisha kupimwa mara yake moja, siku alipoongeza chumba cha kumwolea Sikuzani.

Bruda, mtawa wa misheni, alikuja kwa baiskeli. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya misheni iliyogeuka rangi ya vumbi, na sura yake haikuwa ya Kizungu, wala ya Kihindi, wala ya Kiarabu. Mtaa ulimwita Mchina. Mabruki, jirani wa Twalibu, muuza tumbaku, alishikilia kuwa ni Mjapani aliyesahauliwa vitani. Kumbe alikuwa mtu wa Vietnam, mji wa Hanoi, mwana wa seremala, aliyeingia utawa, akasomea ujenzi, na akaletwa Tabora na shirika lake nchi yake ilipokatwa vipande viwili. Jina lake lilikuwa Tuan. Kiswahili alikuwa amekipata kwa mafundi wa misheni, nacho kilikuwa kizuri, na jambo hilo pekee lilimtosha Twalibu kumtilia shaka. Kwa nini mgeni ajisumbue kiasi hicho?

"Shikamoo, mzee," alisema Bruda, akishuka kwenye baiskeli. Alikuwa mfupi; macho yake na ya Twalibu yalikutana sawia.

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye unayejua mapaa haya kuliko mtu yeyote."

"Nani amekwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

Bruda akacheka. Twalibu hakucheka. Hata hivyo alimpa nafasi barazani, kwa kuwa kumfukuza mgeni ni aibu, na kwa kuwa adui aliye barazani anaonekana.

Basi wakawa na mazungumzo. Bruda alikuja alasiri, Twalibu akiwa ametoka kuswali, wakakaa kwenye baraza la udongo na kuzungumza habari za nyumba tu, kama wafanyabiashara wa ng'ombe wanavyozungumza habari za ng'ombe. Nitasema kweli, hata kama Twalibu mwenyewe angekana: aliyangojea mazungumzo yale. Hakuna mtu mwingine Tabora aliyemuuliza kwa nini udongo wa kichuguu na si udongo wa bondeni. Alimjibu kila swali, na kila jibu alilijutia usiku.

Bruda naye alisimulia ya kwao. Alisema Hanoi kila mtaa una kazi yake: huku hariri, huku karatasi, kule dawa za mizizi, kule mafundi bati.

"Bati," alisema Twalibu.

"Ndiyo, mtaa mzima. Asubuhi ukipita huwezi kusikia mwenzako anasema nini, kwa kelele za nyundo."

"Kwa hiyo kwenu bati lipo."

"Lipo, lakini ni la taa na ndoo, mzee. Nyumba za zamani tuliezeka vigae."

Twalibu aliyapokea hayo ya ndoo kwa kichwa tu. Moyoni aliandika: huyu ametumwa na watu wa bati.

Siku nyingine Bruda alieleza nyumba za mjini kwao, nyembamba kwa mbele kama duka la Mhindi na ndefu kwenda nyuma mpaka zinatokea mtaa wa pili, katikati zina ua mdogo ulio wazi ili mwanga na mvua viingie. Duka mbele, baba na mama nyuma yake, jiko mwishoni, na chumba cha heshima ni cha mababu waliokufa, wanaowekewa matunda na moshi wa udi. Asubuhi watu hupika supu mlangoni, na anayepita anakaa, anakula, anaondoka. Twalibu alipenda habari za ule ua. Habari za kula mlangoni, mbele ya macho ya kila mpita njia, zilimfanya ajifunge kanzu vizuri.

"Na boriti mnazifungaje?" aliuliza, maana fundi ni fundi.

"Hatufungi, wala hatupigi msumari. Kila mti una ulimi na mwenzake ana mdomo. Nyumba nzima inaweza kufunguliwa, ikabebwa, ikasimamishwa pengine. Na seremala mkuu anakata mwanzi mmoja, anatia alama za vipimo vyote vya nyumba ile, na kazi ikiisha mwanzi unawekwa juu, chini ya paa. Unakaa pale hata miaka mia. Nyumba ikiharibika, wajukuu wanaushusha, wanajua kila kitu kilivyokuwa."

"Mnaacha kipimo cha mwenye nyumba juu ya paa? Mtu akiingia akakichukua?"

"Akichukua atakifanyia nini?"

Mtu mzima hajibu swali kama hilo. Ama huyu Bruda alikuwa mjinga kabisa, ama alikuwa anajua vizuri sana kipimo hufanyiwa nini. Twalibu hakuwa na mazoea ya kuwadhania watu ujinga.

Mambo yaliharibika ilipopakwa chokaa nyumba ya Mabruki. Ofisi ya mji ilikuwa imetangaza kwamba mapaa ya udongo yanafuga papasi, wale wadudu wa homa, na kwamba nyumba zitakazopigwa alama ya chokaa mlangoni zitavunjwa. Papasi walikuwepo, hakuna wa kukataa. Lakini walikuwepo na kwenye nyumba za bati, ila huko hakwenda mtu kuwatafuta. Alama ya kwanza Gongoni ikaangukia mlango wa Mabruki. Na juma lililotangulia, mtaa mzima ulikuwa umemwona Bruda amesimama mbele ya mlango ule na penseli, anauchora.

"Anayechorwa anavunjwa," alisema Mabruki, akimpimia mteja tumbaku. "Wewe unamkaribisha barazani, Twalibu. Unamnywesha kahawa. Utaona."

Milango ya Gongoni ikafungwa. Bruda alipopita na baiskeli, wanawake waliita watoto ndani. Twalibu peke yake aliendelea kumpokea, si kwa urafiki, bali alitaka kujua zamu yake inakuja lini. Nyumba ile ilikuwa yote aliyokuwa nayo. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto wa kumkimbilia, na kazi yake ilikuwa inakufa. Wakimtoa mle angekuwa mtu anayekaa kwa watu, yeye na Sikuzani, akisubiri kuambiwa ale.

Alimuuliza moja kwa moja. "Bruda, wanaopima na wanaovunja ni watu mbalimbali?"

Kosa la Bruda ni kwamba alijibu ukweli. "Mji wetu ulikuwa na ngome ya kale, mzee. Wafaransa walipoingia waliivunja, wakapitisha barabara. Babu yangu aliona. Alisema walianza kwa kupima, siku nyingi, kwa adabu sana, wakiwasalimu watu."

"Kwa adabu sana."

"Ndiyo maana nikataka na mimi nijue kupima. Kisije kikavunjwa kitu kingine bila mtu kujua kilikuwaje."

Maneno ya nusu ya pili Twalibu hakuyasikia. Alikuwa amebaki kwenye adabu.

Ndipo Bruda alipoleta ombi lake. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Bwana Afya, mkubwa wa habari za papasi, na kumwambia paa la udongo likijengwa vizuri ni safi na lina baridi kuliko bati. Bwana Afya akamjibu amwonyeshe. Basi Bruda angejenga nyumba moja ya mfano kwenye kiwanja cha misheni, tembe kamili. Ikivumilia mvua bila kuvuja wala kuwa na wadudu, amri ya kuvunja ingefutwa na matembe yabaki. Alitaka chumba kama vya Ngollo, ambavyo vimesimama tangu wakati wa misafara bila nguzo hata moja.

"Niruhusu niingie nipime," alisema.

"Ndani kuna mke wangu."

"Basi pima wewe." Akamnyooshea utepe wa futi.

Twalibu aliutazama ule utepe wa manjano wenye namba nyeusi. "Hicho hakiingii nyumbani kwangu."

"Sawa. Ulisema chumba ni dhiraa sita. Dhiraa ya nani? Babu yako alikuwa na mkono kama wako?" Na Bruda, kwa uso mweupe kabisa usio na hatia, akachomoa mwanzi kutoka kwenye baiskeli. "Nyoosha mkono, mzee, nikate hapa."

Twalibu aliona yote kwa pamoja: kupimwa mara ya pili, mlango wa Mabruki, ngome ya watu iliyovunjwa kwa adabu, na mwanzi wenye kipimo chake ukikaa juu ya paa la Wakristo miaka mia. Akaficha mikono yote miwili ndani ya mikono ya kanzu. Masolwa alikuwa pale kwenye mlango wa ua, amemaliza kuchanganya udongo, anasafisha jembe.

"Babu yangu hakuwa na mkono huu," alisema Twalibu. "Babu alikuwa mtu mrefu. Mrefu kama huyu hapa. Masolwa, njoo unyooshe mkono."

Masolwa akaja, akanyoosha mkono wake mrefu wenye udongo mpaka kwenye kiwiko, na Bruda akauwekea mwanzi na kuukata. Masolwa alifurahi, kwao Choma mila hii hawakuijua, naye aliona amepewa heshima. Twalibu aligeuza uso. Alijiambia kwamba mtu asiyeijua hatari haimpati. Hakuamini hata yeye.

"Na nguzo?" aliuliza Bruda, akipima kwa macho. "Dhiraa sita za mkono huu ni upana mkubwa. Kwetu tungeweka nguzo."

"Kwetu hatuweki."

"Hakika?"

"Fundi ni mimi au wewe?"

Bruda akainamisha kichwa. "Ni wewe, mzee." Akamshukuru, akapanda baiskeli na mwanzi wake, akaenda. Twalibu akaingia ndani, akanawa mikono ambayo haikuguswa na kitu.

Nyumba ya mfano ilijengwa na Dionis na Raymundi, mafundi wa misheni, kwa boriti zilizoletwa kwa lori kutoka misitu ya Usinge. Twalibu hakukanyaga pale. Habari zilimfikia sokoni: kuta nzuri, mlango mzuri, na wale mafundi wawili walikuwa wamelalamika kwamba chumba ni kipana mno, na Bruda aliwanyamazisha. Mvua ilianza kwa fujo, mvua ya mchana na usiku, na watu wa Gongoni wakaambizana kwamba Bwana Afya atakwenda kuangalia. Twalibu alivaa koti lake juu ya kanzu akaenda. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi Mzungu na Mchina watakavyopongezana.

Umati ulisimama kwenye matope. Bwana Afya aliingia ndani na kofia yake, Bruda nyuma yake, na mwalimu Wenceslaus wa shule ya misheni mlangoni, awafasirie watu. Kwa mlangoni Twalibu aliweza kuona ndani. Hakuhitaji kuona zaidi ya mara moja. Boriti zilikuwa zimelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, udongo ulikuwa umefunguka juu yake, na maji yalikuwa yanaingia kwa mistari. Donge moja likaanguka mbele ya kiatu cha Bwana Afya. Akatoka, akijikung'uta, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyejua tangu mwanzo. Alisema maneno machache.

Mwalimu Wenceslaus alifasiri polepole, kama mtu asiyependa ladha ya anachokisema. "Bwana anasema alikuwa ametoa ahadi, na ahadi yake ilikuwa ya kweli. Kama paa hili lingesimama, barua ya kufuta amri ilikuwa tayari, na nyumba zenu zingebaki. Sasa ameona mwenyewe. Matembe yote ya mjini yatapigwa alama."

Mabruki, aliyekuwa bega kwa bega na Twalibu, alianza kulia kimya kimya. Katika umati mtu mmoja aliuliza kwa sauti ni nani aliyempa Bruda vipimo vile. Bruda alikuwa amesimama mvuani bila kofia, nywele zimemgandia kwenye paji la uso, na alikuwa akimtazama Twalibu.

"Kosa ni langu," alisema Bruda kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nilipima vibaya."

Unadhani Twalibu alishukuru? Alirudi nyumbani akijiuliza mtu anayemfichia kosa anataka alipwe nini. Usiku ule aliigeuza habari ile huku na huku akitafuta hila yake, na asubuhi alikuwa hajaipata, na hilo lilimtisha kuliko hila.

Chokaa ilipakwa mlangoni kwake siku ya soko. Walipewa muda kidogo wa kutoa vitu. Sikuzani alikunja nguo, akafunga vyombo, na hakumuuliza mumewe kitu chochote, naye Twalibu alikaa barazani akitazama barabara. Mvua ilipopumzika, akamwona Bruda anakuja, safari hii kwa miguu, na Dionis na Raymundi wakisukuma mkokoteni. Bruda alisema ofisi ya mji ikivunja itakatakata boriti. Afadhali wazishushe wao wenyewe, nzimanzima, na misheni ina banda la kuzihifadhi mpaka mzee apate kiwanja kingine.

Anataka boriti za babu, aliwaza Twalibu. Hata hapo. Akanyanyuka kuziba mlango.

Sauti ya Sikuzani ikatoka nyuma yake. "Mpishe, mume wangu. Karibu ndani, Bruda. Hakuna cha kuficha tena. Nyumba yenyewe wameshaipaka."

Bruda alivua viatu akaingia. Wakapita ua, wakaingia chumba cha Ngollo, ambacho kilikuwa kitupu isipokuwa kitanda. Bruda alitazama juu. Boriti za mninga zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka yote, zimenyooka. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akashusha macho kwenye ukuta mmoja, akavuka nayo mpaka ukuta wa pili, na Twalibu akaona uso wake unabadilika. Bruda alikunja mkono wa kanzu yake, akaweka kiwiko ukutani, akaanza kupima sakafuni kwa mkono wake mwenyewe, amepiga magoti, kiwiko mpaka kidole, kiwiko mpaka kidole. Alipofika mara ya sita, kidole chake kiligusa ukuta wa pili. Hakikubaki hata upana wa kucha.

Hakusimama mara moja. "Babu yako hakuwa mrefu," alisema.

"Hakuwa," alisema Twalibu. "Walimwita Kigoda."

"Mkono kama wangu."

"Kama wangu na wako."

"Raymundi alitaka tuweke nguzo," alisema Bruda. Alikuwa bado amepiga magoti, na sauti yake haikuwa na hasira, na Twalibu aliitamani hasira. "Na Dionis alitaka. Mimi mwenyewe nilitaka. Nikawaambia mzee Twalibu amesema haiwekwi, na kwetu neno la fundi mkuu halipingwi. Kwa nini, mzee?"

Twalibu alikuwa na majibu mengi, aliyoyaweka tangu alasiri ya kwanza: bati, penseli, ngome, adabu. Alipoyatafuta hakuona hata moja la kutoa mbele ya Sikuzani, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mkeka begani na alikuwa amesikia yote.

"Nilikuogopa," alisema. "Nilidhani unanipimia kaburi."

Bruda aliinuka, akapangusa magoti. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Juu yao kulisikika hatua. Raymundi alikuwa amekwisha kupanda na jembe. Sikuzani alimtazama mumewe kama mtu anayemtafuta mtu aliyemfahamu, kisha akageuka, akatoka na mkeka wake.

Twalibu akatoka uani, akaegemea ngazi. "Raymundi," aliita. "Shuka, mwanangu. Paa hili nitalibomoa mimi."

Raymundi akamtazama Bruda, Bruda akaitikia kwa kichwa. Mzee akapanda polepole, akachukua jembe, akasimama pale alipozoea kusimama kila mwaka tangu ujana wake. Chini mtaa mzima wa Gongoni ulikuwa unatoa vitanda nje. Akapiga jembe la kwanza, akainama, akachukua bonge mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na juu udongo ulikuwa umelowa kiasi cha unene wa kidole. Chini ya hapo, mpaka kwenye fito, ulikuwa mkavu kabisa.